Mke wa Zibua

“Mwenyewe yuko wapi?” mwenye gesti aliuliza, akichungulia nyuma ya mgongo wa mgeni wake kana kwamba fundi mzima, mrefu vile, angeweza kujificha katika kivuli cha mkewe.

“Yuko njiani, mama. Anakuja.”

Alisema hivyo macho yake yakiwa kwenye kizingiti, maana uongo ule haukuwa wake. Ulikuwa wa mumewe. Yeye aliagizwa tu kuubeba, pamoja na fungu la fito za kuzibulia vyoo begani, mtaimbo, na ndoo yenye glavu na sabuni ya unga. Hata gambuti alizovaa zilikuwa za mumewe. Alikuwa amezijaza vitambaa mbele ili zisimpwaye.

“Basi mngoje hapo,” mwenye gesti alisema, akimwonyesha ukuta wa nyuma, karibu na mapipa ya taka. “Vyoo vya chini vyote vimegoma, na wageni wangu wameanza kupandisha sauti.”

Mke wa fundi aligeuza ndoo, akaikalia. Angefanya nini? Kazi aliiweza. Alikuwa akifuatana na mumewe tangu mtoto wao wa mwisho alipoanza kutembea, yeye ndiye aliyeshika tochi, yeye ndiye aliyekimbia ndani kufungua bomba na kupiga kelele “Tayari!”, yeye ndiye aliyeosha fito jioni. Lakini mumewe alikuwa ameshasema kwenye simu, kwa ile sauti yake, “Nakuja mwenyewe, mama, usihangaike,” na yeye hakuona namna ya kumgeuza mumewe mwongo mlangoni kwa watu.

Mume huyo watu walimwita Zibua, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Kazi yake ilikuwa kuzibua vyoo, masinki na mifereji ya maji machafu, na aliipenda, jambo lililowashangaza watu. Lakini ilikuwa kazi yenye shida moja ambayo kazi nyingine hazina. Kinyozi mzuri hutangazwa na vichwa vinavyopita barabarani. Fundi cherehani hutangazwa na kila harusi. Fundi wa kuzibua vyoo nani atamtangaza? Nani atasimama sokoni aseme, jamani, choo changu kilifurika mpaka sebuleni, akaja bwana mmoja akanisaidia? Wateja wa Zibua walikutana naye njiani wakatazama juu, kama watu wanaokadiria mvua. Namba yake waliiandika kwenye simu zao kwa majina ya bandia. Mmoja alimwita Mjomba. Mwingine, Fundi Saa.

Kilichowarudisha kwake ilikuwa sauti. Zibua alikuwa na sauti nzito, tulivu, ya mtu aliyeshiba na kulala vizuri. Mtu angepiga simu maji machafu yakiwa yamemfika kwenye vifundo vya miguu, anapiga kelele, na Zibua angemwambia, “Kwanza kaa chini. Umekaa? Sasa niambie, maji yanapanda au yamesimama?” Mpaka anafika na fito zake, mtu ameshapoa, ameshawasha jiko la chai.

Kisha siku moja aliinamia mfuniko wa zege uliokwama, akauvuta kwa mikono mitupu kama alivyozoea, na kitu mgongoni kikalia ka. Alirudishwa nyumbani juu ya mlango uliong’olewa bawaba. Daktari alisema alale chali, asinyanyue hata birika, na mengine yatajulikana mbele ya safari. Watoto wawili walikuwa shule ya bweni, ada haingoji mgongo wa mtu upone, na mwenye nyumba wao naye hakuwa mtu wa kungoja. Basi mkewe akavaa gambuti.

Zibua akabaki na simu juu ya kifua. Ikilia, hujibu vilevile: “Nakuja mwenyewe.” Anayefika ni mkewe. Wengine walimrudisha kutoka getini. Wengine walimruhusu, wakamsimamia kichwani kazi nzima kama mtu anayelinda kuku wake. Na wengine, kama huyu wa gesti, walimwambia angoje.

Alingoja mpaka jua likaacha ukuta na kuanza kumpiga usoni. Akasikia mngurumo. Lori lenye tangi kubwa likarudi kinyumenyume uani, likalia pi-pi-pi, wakashuka wanaume watatu wenye ovaroli za buluu zinazofanana, wakaanza kufungua mpira mnene kama chatu.

Mwenye gesti alitoka akifuta mikono. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

“Usinichukie, mama,” alisema. “Nimefanya kazi na Zibua miaka, na sina baya naye. Lakini nimemngoja, nimengoja, nimengoja. Mtu akiniambia anakuja, mimi nategemea aje. Angeniambia hawezi, ningejua la kufanya tangu asubuhi.”

Neno lolote la mke wa Zibua lingekuwa uongo wa pili. Akainua ndoo yake, akaweka fito begani, akapita kando ya lori huku mmoja wa wale vijana akimpisha kwa adabu, adabu ambayo ilimuuma kuliko tusi.

*

Zibua alikuwa amelala kwenye kitanda kilichosogezwa dirishani, ili aone mtaa.

“Wamesemaje?”

“Wameleta lori.”

“Lori la nani?”

“La watu wanaofika wakisema wanafika.”

Alitua fito nje, akavua gambuti, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, polepole, kama anayetafuta maneno ndani ya povu. Aliporudi ndani alisimama miguuni pa kitanda.

“Baba watoto, kuanzia leo ukipokea simu, sema anayekuja ni mimi.”

“Nikisema hivyo watakata kabla sijamaliza.”

“Wakate. Afadhali wakate nikiwa hapa nakunywa chai yangu, kuliko nikae juu ya ndoo karibu na mapipa kama taka iliyosahauliwa.”

“Unadhani mimi nafurahi?” Sauti ilipanda, na mgongo ukamkumbusha, akakunja uso, akangoja maumivu yapite. Aliposema tena, alisema kwa upole. “Nikimwambia mtu, anakuja mke wangu, mimi nabaki nani?”

Mkewe alimtazama mwanamume yule aliyekuwa akiingia mlangoni kwa kuinama, sasa amenyooshwa kitandani kama nguo iliyopigwa pasi. Akachukua simu kifuani pake, akaitia mfukoni. Zibua akageukia ukutani.

Kugeukia ukutani ilikuwa desturi yake mpya. Kila asubuhi mkewe alipoleta beseni la maji na taulo, alifanya hivyo hivyo. Angesuguliwa mgongo, angebadilishwa shuka, angesaidiwa mambo ambayo mtu mzima hapendi kusaidiwa, na muda wote huo angetazama ukuta kana kwamba umeandikwa habari za maana.

Kesho yake simu ililia wakiwa wanakunywa chai. Mke aliipokea.

“Kwa Zibua hapa. Mimi ni mkewe, na kazi naifanya mimi.”

“Samahani,” mwanamume alisema, “nimekosea namba.”

Baada ya kitambo ikalia tena, sauti ileile. “Kwa Zibua?”

“Ndipo hapa. Mkewe.”

“Nimekosea tena.”

Kutoka kitandani pakasikika kitu ambacho hakikuwa kikohozi wala kicheko. Mke hakugeuka kuangalia. Simu ya tatu ilikatwa hata kabla hajasema kazi anaifanya nani. Alianza kujiuliza kama kweli kiburi kinapikika, maana ndicho pekee angekuwa nacho cha kupika wiki ile.

Ya nne ilikuwa ya mwanamke aliyenong’ona.

“Samahani… huko ni kwa fundi wa… wa maji?”

“Wa vyoo, dada. Sema tu. Mimi ni mke wa Zibua, na kazi naifanya mimi.”

“Wewe mwenyewe? Yaani utakayeingia ndani ni wewe?”

“Mimi mwenyewe.”

Upande wa pili mtu alishusha pumzi ndefu, kama aliyetua mzigo wa kuni.

“Njoo, dada yangu. Njoo sasa hivi.”

*

Alikuwa muuguzi. Alimpokea getini bado amevaa sare ya hospitali, macho mekundu. Alikuwa ametoka zamu ya usiku na hajalala. Aliishi na mama yake katika nyumba ndogo yenye ua safi, mti mmoja mkubwa wa kivuli, na harufu.

“Mwezi mzima sasa,” alisema kwa aibu. “Nimeita mafundi, lakini mama akisikia sauti ya mwanamume ndani anajifungia chumbani na ufunguo, na choo kiko huko huko ndani. Anakaa humo mpaka mtu aondoke. Zamani hakuwa hivyo. Sijui nini kimempata.”

“Kalale, muuguzi. Ukisikia napiga kelele ‘fungua’, ufungue bomba. Mengine niachie.”

Muuguzi alisema hawezi kulala mtu yuko kazini nyumbani kwake, akaketi kwenye kiti cha sebuleni kuonyesha kwamba yuko macho, na kabla fundi hajafika uani alikuwa anakoroma.

Chemba, lile shimo la zege linalopokea maji machafu ya nyumba, ilikuwa chini ya mti. Hakuuvuta mfuniko kwa mikono. Alitia ncha ya mtaimbo ukingoni, akaweka jiwe chini yake, akaegemea kwa uzito wake wote, na mfuniko ukateleza pembeni. Ndani palikuwa pakavu. Hilo peke yake lilikuwa jibu: kizuizi kiko kati ya hapa na nyumba.

Akaunga ufito wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, akausukuma mdomoni mwa bomba. Fito huzungushwa kulia tu. Ukisahau ukazungusha kushoto, zinafunguka huko huko ndani, na utarudi nyumbani na ufito mmoja mkononi na kilio. Alisukuma, akazungusha, akasikiliza kwa viganja. Mizizi hukwaruza. Mafuta ya jikoni huvuta kama unga uliokandwa. Hiki hakikukwaruza wala hakikuvuta. Kilikumbatia.

Kitambaa, alijiambia.

Akazungusha mpaka kikashika, akavuta kidogo kidogo, jasho likimtiririka hadi kidevuni. Kikatoka kipande, kikafuata kingine, kisha rundo zima lililosokotana, na nyuma yake maji yakaja kwa kishindo, yakajaza chemba, yakaenda zake. Aliposuuza rundo kwa maji ya ndoo aliona maua. Maua madogo ya zambarau. Ilikuwa shuka, iliyochanwa vipande na kufungwa mafundo, na haikuchanwa siku moja.

Aliinua macho. Kwenye kamba ya nguo ilianikwa shuka ya maua yaleyale, fupi upande mmoja. Na nyuma ya shuka, mlangoni mwa jiko, alisimama bibi mwembamba aliyeshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Bibi hakuwa anamtazama yeye. Alitazama kilichokuwa mkononi mwake. “Umeona nini huko?”

“Nimeona kitambaa.”

Sebuleni muuguzi alikoroma, akageuka, akaendelea kukoroma.

“Mwambie mwanangu ni mizizi,” bibi alisema.

“Nikimwambia mizizi, mama, kesho ataita mtu na shoka aukate huu mti.”

Bibi aliutazama mti, kutoka shinani mpaka kwenye majani, kama anayeombwa kumtolea mtu ushahidi.

“Mti wenyewe haujanikosea kitu,” alikiri.

“Nao hauna wa kuutetea.”

Ndipo bibi akacheka. Kilikuwa kicheko kilichomponyoka, chembamba, kikamletea kikohozi, ikabidi mke wa Zibua avue glavu, anawe haraka, amshike mkono mpaka kwenye kigoda cha jikoni. Alipotulia, alizungumza akitazama sakafu.

“Naamka nimelowa. Sijui inakuja saa ngapi. Kitambaa kikilowa nakichana, nakitupia humo chooni, navuta maji, nasema kimeisha. Mwanangu anawafuta wagonjwa usiku kucha. Sasa arudi nyumbani anifute na mimi? Mimi ndiye niliyemfuta yeye.”

Mke wa Zibua alichuchumaa mbele yake. Angeweza kusema maneno ya kumfariji, na maneno hayo yapo mengi, lakini yaliyomjia yalikuwa mengine.

“Nina mume nyumbani, mgongo umevunjika. Mimi ndiye ninayemwosha. Nikileta beseni anageukia ukutani.”

“Ukutani kuna nini?”

“Hakuna kitu. Ila ukuta haumwangalii.”

Bibi alitikisa kichwa polepole. “Namwelewa huyo.”

“Basi nieleweshe na mimi, mama, maana mimi nadhani ananichukia.”

“Akuchukie wewe?” Bibi alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. “Mwanangu, anajitafuta mwenyewe. Hajipati, ndiyo maana anageuka.”

Kisha mke wa Zibua akauliza alichopaswa kuuliza. “Hii habari ya kitambaa, nimwambie mimi, au utamwambia mwenyewe?”

“Ukimwambia wewe, utasemaje?”

“Nitasema bomba hili halipendi vitambaa. Aweke ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda chako, na asiulize ya nini.”

“Ataacha kuuliza?”

“Ni muuguzi. Hatauliza.”

Bibi alikunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Hatimaye akasema, “Waambie wote wawili. Yeye na bomba.”

Muuguzi alipoamka alikuta choo kinavuta maji kama kipya. Mke wa Zibua alimweleza kama alivyoahidi, maneno yaleyale, hakuongeza wala hakupunguza. Muuguzi alitazama rundo lililofungwa ndani ya mfuko, akatazama shuka kwenye kamba, akamtazama mama yake aliyejifanya anachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

“Ndoo ya mfuniko,” alisema. “Ninayo.” Kisha akageuka. “Mama, umeshakunywa chai, au unanisubiri?”

“Nakusubiri wewe, unayekoroma mbele ya wageni.”

*

Siku zilizofuata simu ziliendelea kukatwa, ingawa si zote. Lakini mawazo ya mke wa Zibua yalikuwa kwenye ile nyumba ya ua safi. Je, maji bado yanapita? Bibi amekubali ndoo? Mwenyewe hakuwa na nafasi ya kurudi, kwani alikuwa amepata sinki la kuzibua upande wa pili wa mji. Akiwa mlangoni, fito begani, alirudi ndani, akaweka simu kifuani kwa mumewe, pale ilipozoea kukaa.

“Mpigie mama yule wa muuguzi, namba yake imo humo. Muulize kama maji yanapita.”

“Mimi tena?” Zibua hakuigusa. “Si ulininyang’anya?”

“Nilikunyang’anya uongo. Simu nimekurudishia.”

“Sasa nimekuwa karani wako.”

“Sauti yako haikuvunjika mgongo,” alisema, akatoka.

Hakupiga asubuhi ile. Alipiga jioni, mkewe alipokuwa amerudi na anaosha fito chini ya dirisha. Labda alisubiri arudi ili asikie. Labda ilikuwa bahati tu. Mke alisikia sauti ya zamani, ya kazini, kavu na rasmi.

“Hapa ni kwa Zibua. Tunauliza tu, maji yanapita?… Vizuri. Na chemba haitoi harufu?… Vizuri sana.” Akasikiliza. “Ndiyo, ni mimi mumewe.” Akasikiliza tena. “Amekwambia hivyo?”

Mke alisimamisha brashi.

“Hapana, mama. Si kwa hasira.” Sauti ilikuwa imeshuka, haikuwa tena ya kazini. “Nilikuwa nabeba pampu peke yangu ghorofa nne. Leo nabebwa… Ndiyo… Ndiyo, mama. Sikujua kwamba anaona.” Kisha bibi alisema jambo huko aliko, na Zibua akacheka, kicheko kikubwa kilichomfanya alie “aah, mgongo!” halafu akacheka tena. “Vitambaa? Wewe una afadhali, una vitambaa vya maua!”

Mke alikuwa ameosha ufito mmoja ule ule mpaka ukang’aa. Hakujua kama anacheka au analia. Maji ya sabuni yalikuwa yamemrukia usoni na hakuna aliyeweza kumwuliza.

Asubuhi alileta beseni kama kawaida. Zibua alikuwa ameelekeza uso juu, kwenye dari. Halikuwa jambo kubwa, lakini dari haikuwa ukuta. Mkewe alipochovya taulo, alinyoosha mkono.

“Nipe sabuni hiyo. Kifuani nafika mwenyewe.”

Akampa. Alijisugua taratibu, kwa makini, kama mtu anayeosha chombo cha kuazima. Alipofika mwisho wa uwezo wake alirudisha sabuni, akamtazama mkewe machoni.

“Endelea wewe, fundi.”

*

Tangu siku hiyo Zibua hakuridhika na kumpigia mtu mmoja. Alianza kuwapigia wote ambao mkewe aliwafanyia kazi, na baadaye hata wale wake wa zamani, ambao alikumbuka sauti zao na mabomba yao kuliko nyuso zao. Mwanzoni watu walishtuka. Mtu yuko katikati ya chakula cha mchana na wageni wake, anapigiwa aulizwe hali ya choo! Lakini sauti ilikuwa ileile ya kutuliza, na aliuliza kama jamaa anavyouliza hali ya mtoto aliyekuwa na homa. Wakaizoea. Wengine wakaanza kungoja. Bibi wa ua safi alipiga mwenyewe asipopigiwa, na mazungumzo yao hayakuwa na maji ndani yake hata tone. Wateja wanawake wakaanza kumwita shemeji.

Kwa wapya alisema wazi. “Anayekuja ni mke wangu. Ukitaka mwanamume, nitakupa namba ya jamaa mmoja, kazi anaijua, ila atakueleza siasa mpaka choo kizibe tena.” Wapo waliochukua namba ya yule jamaa. Wengi hawakuichukua.

Na muuguzi alikuwa amesema. Habari za mama yake hakuzitoa; hizo zilibaki kwao. Alisema tu, katika chumba cha kubadilishia nguo hospitalini, kwamba yuko mwanamke mmoja anayeingia nyumbani kwa mtu akaona kila kitu na akatoka hajaona kitu. Ikawa kama bomba lililofunguliwa. Wauguzi waliwaambia dada zao, dada wakawaambia mawifi. Kumbe nyumba zilikuwa nyingi ambamo mwanamke alikaa peke yake, au na watoto, au na mume wa safari, akavumilia sinki lililokufa kwa sababu hakutaka kumfungulia mlango mwanamume asiyemjua. Hawa hawakutazama juu wakikutana na mke wa Zibua. Walivuka barabara kumsalimia.

Siku moja mwenye gesti alipiga. Zibua alivuta pumzi, akamweleza yote: mgongo, uongo, ndoo karibu na mapipa. Mwenye gesti alimpa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Akasema ameshakubaliana na watu wa lori kwa mwaka mzima, na hawezi kuwageuka. Aliuliza dawa gani anajipaka mgongoni, akamtajia nyingine, wakaagana vizuri.

“Amerudi?” mkewe aliuliza.

“Hapana,” Zibua alisema. “Lakini hakujidai amekosea namba.”

Mgongo wake haukurudi kama ulivyokuwa. Alianza kuketi, kisha kusimama akishika ukuta, kisha kufika mlangoni kwa fimbo na kurudi akihema. Daktari alisema kunyanyua vitu kumekwisha. Alihitaji siku kadhaa kulikubali hilo, na mkewe hakumharakisha.

Mwishoni mwa msimu wa mvua ilikuja kazi kubwa kuliko zote. Jengo la ghorofa, la wapangaji watupu, maji machafu yamerudi katika nyumba zote za chini, na mwenye jengo yuko mbali, anapokea simu pale tu anapodai kodi. Wapangaji walikuwa wamekaa kikao cha ngazini, wakagombana, wakakubaliana jambo moja: aitwe yule mama. Zibua aliongea nao kabla, akawaambia mkewe hajawahi kufanya jengo zima, na asingewadanganya kuhusu hilo. Wakasema aje tu.

Alifika asubuhi. Bomba kuu lilikuwa pana kuliko yote aliyowahi kuingiza fito, na alilifanyia kazi kutoka chemba hadi chemba, akiweka jiwe na mtaimbo, akifungua, akifunga, mpaka wapangaji wakaacha kumtazama wakarudi kwenye shughuli zao. Alasiri alihisi kitu kimeachia. Kama kimeachia kweli au kimesogea tu kikazibe mbele, fito hazikuweza kumwambia. Ilibaki njia moja ya kujua.

Aliwaita. Vichwa vikajitokeza madirishani, ghorofa baada ya ghorofa, kina mama wenye miiko mikononi, mzee mmoja mwenye povu la kunyolea shavuni, msichana aliyefunga kilemba cha taulo.

“Kila mtu asimame kwenye bomba lake!” alipaza sauti. “Sinki, bafu, choo, vyote! Nikishusha mkono, fungueni kwa pamoja!”

“Kwa pamoja?” mtu wa juu kabisa aliuliza.

“Kwa pamoja!”

Vichwa vikatoweka. Akabaki msichana mmoja dirishani, wa kupokea ishara na kuipitisha. Ua ukawa kimya. Mke wa Zibua alipiga magoti kwenye zege lililopashwa joto na jua, akainua mkono, akaushusha.

Ndani ya kuta kitu kilianza kunguruma, mbali sana, juu. Aliinama juu ya chemba iliyo wazi, akazuia pumzi, akasikiliza kikija.